Titilia na Jina la Kaka Yake

Watu hupita mbele ya ile nyumba ya bati la kijani, pale nyuma ya kanisa la Wamethodisti, wakanong'ona, "Hapo anakaa yule mama aliyemwita kaka yake kwa jina." Wakishasema hivyo hujiona wamesema yote, wakaenda zao. Mimi nilikuwepo. Wengi wanaonong'ona hawakuwepo, na mmoja wao hata jodari hajawahi kumpasua maishani mwake. Basi nitasema mimi.

Titilia si mzaliwa wa hapa bandarini. Ametoka kisiwa cha nje cha hapa hapa Fiji, kule ambako meli ya Suva hufika nahodha akipenda. Aliletwa hapa na mume, fundi wa boti, mtu wa maneno matamu. Maneno yalipokwisha, mume akaondoka na mwanamke wa mji wa Lautoka, akamwachia Titilia mtoto wa kike, Unaisi, na nyumba ya makuti yaliyooza. Mvua ikinyesha, mama na mwana walilala wamekaa.

Habari zilifikaje kisiwani sijui, ila meli iliyofuata ilimshusha Aminiasi, kaka yake, na mkeka mmoja na shoka. Hakumsemesha dada yake. Hakuuliza shemeji kaenda wapi. Alipanda juu ya nyumba, akang'oa makuti, akaweka bati, akalipaka rangi ya kijani, maana ndiyo waliyokuwa nayo dukani. Kisha akajijengea kibanda nyuma ya migomba, akakaa.

Kwetu kaka na dada wakishapevuka hawasemezani. Hawaitani majina, hawakai mkeka mmoja, hawapokezani chombo mkono kwa mkono. Wageni hudhani ni uhasama. Uhasama gani unaokuwekea bati? Kila jioni Titilia alipakua magimbi na samaki wa tui, akafunika, akaweka sahani juu ya jiwe kando ya migomba, akaondoka. Aminiasi alikula, akaosha sahani, akairudisha pale pale, na mara nyingi alirudisha na kitu juu yake: shelisheli, kaa aliyefungwa kamba, siku moja viatu vya shule vya Unaisi. Miaka yote ile sikuwahi kuwaona wakitazamana, na sijaona ndugu waliopendana kuwashinda. Yule kaka ndiye aliyekuwa ukuta wa Titilia. Hakuwa na mwingine, na alijua.

Wote wawili walifanya kazi kiwanda cha jodari, nilikokuwa mimi. Pale kulikuwa na kila namna ya mtu: sisi wenyeji wa Fiji, Wahindi wa hapa hapa, waliozaliwa hapa wao na baba zao, Wafilipino, vijana wa Vanuatu, na wakubwa wa kutoka ng'ambo. Mimi nilikuwa meza ya kusafishia. Samaki akishatoka mikononi mwetu hupangwa kwenye matoroli marefu ya chuma, na matoroli husukumwa ndani ya matanuri ya mvuke. Aminiasi alikuwa msukumaji. Titilia alisimama upande wa pili wa matanuri, penye vali, akifungua mvuke na kuufunga. Sasa yule wa mvuke lazima amwambie yule wa matoroli: ingiza, ngoja, toa. Na hawa wawili hawasemezani.

Hapo ndipo alipoingia Kavekini. Kavekini, mwenzetu wa penye matanuri, ni mtu wa milimani, na watu wa milimani na watu wa kile kisiwa cha kina Titilia ni watani tangu enzi za mizimu. Mtani hana mwiko. Kila siku Titilia alisema kwa sauti ndogo, kama anayeiambia vali, "Tanuri la pili bado lina moto." Kavekini alisimama katikati akipaaza:

"Wee mla vichwa vya samaki! Tanuri la pili lina moto! Au unataka kuingia upikwe tukuweke koponi?"

"Nyamaza, mtu wa mlimani," Aminiasi alijibu. "Unayeiogopa bahari hata ikiwa ndani ya kikombe."

"Bahari siiogopi. Nawaogopa ndugu zako waliomo, wana magamba!"

Wanawake tulicheka hadi visu vikatuponyoka, na toroli halikuingia tanuri la moto hata siku moja. Kazi ilikwenda.

Lakini sitadanganya kwamba kila neno lilikwenda. Upande wa makopo kulikuwa na Bi Kamla, Mhindi, mwanamke mpole. Fundi Ramendra alisema bomba la upande ule lisiguswe. Alimwambia mtu, mtu akamwambia mwenzake, mwenzake alikuwa Mfilipino aliyeingia kazini juzi, akaona haya kumkatiza mama mtu mzima katikati ya maongezi, akangoja amalize. Kabla hajamaliza, Bi Kamla alikuwa ameshaligusa bomba, mvuke ukamrukia usoni. Uso ulipona. Jicho moja halikupona.

Ndipo wenye kiwanda wakamleta meneja mpya kutoka Australia, Laklani, ndivyo tulivyomwita. Kijana mrefu mwenye shingo nyekundu. Siku ya kwanza, kabla hajaiona ofisi yake, alikwenda nyumbani kwa Bi Kamla, akakaa sakafuni, akala roti. Nasema hili ili mjue si mtu mbaya. Aliapa kwamba hapatakuwa na jicho jingine.

Akaleta vidude vya kuvaa masikioni vyenye kijiti cha kusemea mdomoni, kila mtu na chake. Ukisema, wote wanasikia. Akaweka na kikao cha asubuhi, watu wote tumesimama duara, na sheria yake akairudia kila kikao: mwite mtu kwa jina, mwambie neno, ngoja akujibu. Basi. Pasiwe na mtu wa katikati.

Mimi nilikataa kuvaa. Nikamwambia, "Bwana, nina masikio mawili na yote yana kazi." Akacheka, akaniacha. Wengine walivaa, na tabu ikaanza, maana kwetu "ndiyo" husemwa kwa nyusi. Unaulizwa, unanyanyua nyusi, yamekwisha. Sasa Laklani anauliza kwenye kidude, "Umenisikia?" na mtu amesimama kule ananyanyua nyusi hadi zinakaribia nywele. "Umenisikia au hukunisikia?" Nyusi juu! Tulicheka sana siku zile. Kicheko hakikudumu.

Asubuhi moja Laklani alimsikia Kavekini, akaomba atafsiriwe, na aliyemtafsiria akamtafsiria tusi akaacha utani. Alimwita pale pale penye matanuri.

"Kavekini, umemtukana mwenzako mbele ya watu."

"Nimemtania, bwana. Ni mtani wangu. Nisipomtukana atadhani naumwa."

"Umemwita nini? Mla vichwa?"

"Si anavila? Muulize mwenyewe."

Aminiasi akacheka. Laklani hakucheka. "Watu hucheka hata wakiumizwa," alisema. "Nimeyaona hayo kwetu. Hapa hapana."

Akamhamishia Kavekini kwenye barafu, mwisho kabisa wa kiwanda, ambako wa kumtania ni samaki walioganda.

Jioni ile nilimfuata Laklani langoni. Nikamweleza wale ni kaka na dada, na kwetu kaka na dada wakoje. Alinisikiliza vizuri, kichwa ameinamisha, hakunikatiza. Halafu akasema, "Mama, naheshimu. Lakini Bi Kamla aliumia kwa sababu ya heshima ya mtu. Wakiwa ndani ya geti hili ni wafanyakazi wawili. Wakitoka nje wawe kaka na dada." Nikamwambia hakuna geti la namna hiyo. Akanitakia usiku mwema.

Angalau angewatenganisha kazi, mtasema. Titilia hakuomba. Nilimwambia aombe, akasema, "Bibi, nikiomba ataniuliza sababu, na sababu ni kaka yangu. Nitamsemaje kaka yangu mbele ya mgeni?" Akatafuta njia yake. Kwenye kidude alisema, "Tanuri la pili tayari," bila jina, kama anayeongea na upepo. Aminiasi alisikia, akasukuma, hakujibu kitu. Walikwenda hivyo majuma kadhaa, wala hapakuharibika hata samaki mmoja. Laklani akagundua. Kikaoni akasema kwa upole kwamba neno lisilo na jina ndilo lililomtia Bi Kamla upofu. Titilia akainamisha kichwa. Toka siku hiyo fundi Ramendra, kwa wema wake, akawa anaingilia yeye kwenye kidude: "Aminiasi, tanuri la pili tayari." Ramendra hana mwiko na mtu. Tukapumua.

Siku yenyewe Ramendra alikuwa ameitwa kwenye majokofu. Toroli moja lilikwama gurudumu ndani ya tanuri la tatu, na Aminiasi akaingia kulikwamua. Kwa sheria mtu haingii, lakini wasukumaji wote walikuwa wakiingia, uongo hautusaidii. Titilia alikuwa ameshaanza kufungua mvuke. Nilikuwa namwona kutoka mezani kwangu. Niliona amechungulia kwenye kioo cha mlango, kisha akarukia usukani wa vali kwa mikono miwili akiuzungusha kuufunga. Ule usukani ni mzito na mvuke haurudi nyuma kwa sababu mtu ametubu. Alizungusha, akatazama kioo, akazungusha.

Halafu akapiga kelele.

"Aminiasi! Toka! Aminiasi!"

Sauti ile iliingia masikioni mwa kiwanda kizima. Hata mimi nisiyevaa niliisikia. Aminiasi alitoka kinyumenyume, mkono wa kushoto umebabuka kuanzia kiwiko hadi kidoleni, akaanguka kwenye maji ya sakafuni. Titilia alikuwa ameushika mdomo wake kama mtu aliyetapika.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wanong'onaji hukosea. Hilo halikuwaharibu. Mtu haulizwi adabu moto ukiwaka. Jioni ile ile Aminiasi, mkono umefungwa bandeji, alimtuma Kavekini kwa dada yake. Nilikuwa nimekaa na Titilia tukimenya mihogo, yeye hamenyi, anaishika tu.

"Yule mla vichwa," Kavekini akasema akiwa bado mlangoni, "amesema hakuna neno. Amesema sauti yako ni mbaya kama ya mbuzi, lakini hakuna neno."

Titilia akalia, akacheka, akaanza kumenya. Usiku ule sahani iliwekwa juu ya jiwe, na asubuhi ilikuwa imeoshwa.

Asubuhi hiyo hiyo kikaoni Laklani alikuja amebeba kamera. Uso wake uling'aa. Alisema jana mtu ameokolewa na neno moja lililosemwa wazi, moja kwa moja, kwa jina. Alisema ndicho alichokuwa akikiomba siku zote. Akawaita wote wawili katikati ya duara. Aminiasi na mkono wake wa bandeji alisimama akitazama buti zake. Titilia alisimama kando, amempa mgongo nusu.

"Titilia," Laklani akasema, "tuonyeshe ulivyomwita. Wageni hawa wa Vanuatu wasikie."

Mimi nilisema, "Bwana, acha," lakini nilisema kwa lugha yetu, na kwa sauti ya mtu anayejua hatasikilizwa. Laklani alitabasamu, akamtikisia Titilia kichwa kumtia moyo, kama mtoto aliyesahau shairi. Alingoja. Yule kijana alijua kungoja.

Titilia akasema, "Aminiasi." Polepole, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu yeyote sokoni.

Watu wa ng'ambo wakapiga makofi. Laklani akawashika mikono akaikutanisha, mkono wa Titilia na ule mkono mzima wa kaka yake, akapiga picha. Kabla ya chakula cha mchana picha ilikuwa langoni, kubwa kama mlango wa kabati, na maandishi chini yake. Nilimwomba Ramendra anisomee. Akasema imeandikwa: Sema Wazi.

Usiku ule Titilia aliweka sahani juu ya jiwe. Asubuhi samaki alikuwa bado ndani, chungu wamemjaa.

Aminiasi hakurudi kiwandani. Tulisikia ameandikisha jina kwenda Australia, kwenye machinjio ya ng'ombe. Titilia alikuja kwangu akiwa amevaa nguo ya kanisani siku ya kazi. "Bibi, nitafutie jino," akasema. Kwetu ukimkosea mtu kosa zito, unampelekea jino la nyangumi, na akilipokea kosa limezikwa. Mimi ninalo moja la marehemu mume wangu, nilikuwa nimeliweka kwa ajili ya maziko yangu. Nikampa. Watanizika kwa mkeka.

Kavekini ndiye aliyebeba. Tuliingia kwenye kile kibanda cha nyuma ya migomba tumeinama, tukakaa chini. Na Laklani alikuja pia, hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa ameshaambiwa, na ile picha alikuwa ameshaibandua kwa mkono wake. Alikaa amekunja miguu hadi jasho likamtoka. Titilia alikaa mlangoni, uso nje.

Kavekini alilishika jino kwa mikono miwili, na siku hiyo hakutania mwanzoni. Alisema tumekuja kuzika kilichosemwa, kiwe udongoni, mvua inyeshe juu yake. Aminiasi alilipokea, akalilaza pajini, akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa. "Nimepokea," akasema. "Kimezikwa." Kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, ikakorogwa, tukanywa. Kavekini akaona njia ya utani imefunguka, akajaribu:

"Na sasa huko Australia utachinja ng'ombe, wewe? Si juzi mbuzi wa mchungaji alikukimbiza hadi baharini?"

"Nilimwacha ashinde," Aminiasi akasema. "Alikuwa wa ukoo wenu."

Tukacheka wote. Hata Titilia mabega yalimtikisika kule mlangoni. Nikajua atabaki.

Watu walipotoka, mimi nilichelewa kuinuka kwa sababu ya magoti. Nikamwuliza Aminiasi, "Mwanangu, utabaki?"

"Hapana, bibi."

"Si umepokea jino?"

"Nimepokea. Sina kinyongo naye." Alikuwa akilitazama lile jino mikononi mwake. "Mara ya kwanza alinitoa kwenye mvuke. Hiyo hata isingehitaji jino. Lakini asubuhi ile hapakuwa na mvuke, bibi."

"Angekataa, angepoteza kazi."

"Ningemlisha," akasema. "Kwani nilikuja hapa kufanya nini?"

Nilitoka.

Titilia alikuwa akiningoja kwenye migomba. Nilimwambia yote, maana aliniomba nisipunguze. Akasema, "Yule bwana alikuwa anatabasamu, bibi. Mgeni, mbele ya watu wote, anatabasamu. Ningemwaibishaje?" Hilo nalo ni kweli. Tumelelewa hivyo. Alimwonea haya mgeni, akamvunjia heshima kaka yake, na saa ile hakuwa na nafasi ya kupima kipi kizito.

Meli ya Suva ilipokaribia kuondoka Aminiasi alimshika Unaisi kichwani, akatupungia sisi wazee, akapanda. Titilia alisimama nyuma ya makontena, mahali ambapo dada husimama. Siku zote husimama hapo, na siku zote kaka hujua yupo, hugeuka kidogo upande ule bila kutazama. Aminiasi hakugeuka.

Kibanda kile sasa kina kuku. Jumapili Aminiasi humpigia simu Kavekini. Huuliza habari za raga, za Unaisi shuleni, za mkwe wa fulani. Mwanzoni Titilia alikuwa akimngoja Kavekini nje ya kanisa.

"Ameuliza nini?"

"Ameuliza raga."

"Na nini tena?"

"Titilia," Kavekini alimwambia mara moja, kofia mkononi, "hakuuliza. Nikisikia ameuliza nitakuja mbio, na mlima wote utanisikia."

Titilia hamngoji tena.

Laklani bado yupo, na toka aje hakuna mwingine aliyeumia jicho, lazima niseme. Alimwuliza Titilia kama anataka kuhama penye vali, akasema hataki. Sasa ndiye anayewafundisha wanaoingia kazini, kwa sababu hakuna anayesema kwenye kidude wazi kama yeye. Upande wa matoroli yupo kijana wa Vanuatu, Kalsakau. Titilia humwita kutwa nzima: Kalsakau, ingiza. Kalsakau, ngoja. Sauti haitetemeki.

Wiki iliyopita nilikwenda kuchukua vichwa vya samaki, nikamkuta na wasichana wawili wapya, amewavisha vidude, anawarekebishia vijiti vya mdomoni.

"Unasema jina lake kwanza," alikuwa akiwaambia. "Halafu neno lako. Halafu unangoja ajibu."

"Asipojibu, mama?" mmoja akauliza.

Titilia aliendelea kumfunga yule msichana mkanda wa kichwa, akaukaza, akaujaribu kama umeshika.

"Unaendelea na kazi," akasema.